Raia na Sababu za Vita: Kwa Nini Serikali Hudaiwa Ushahidi

Miongoni mwa maamuzi yote ya serikali, hakuna unaomgusa raia kwa uzito kama uamuzi wa kuingia vitani, na hakuna ambao raia hupewa nafasi finyu zaidi ya kuuchunguza. Bajeti husomwa hadharani, miswada hujadiliwa bungeni, na barabara iliyojengwa vibaya huonekana na kila apitaye; lakini madai kwamba nchi fulani inaunda silaha kwa siri, au kwamba boti zake zimeshambulia usiku katika bahari ya mbali, hutokana na taarifa za kijasusi zinazoonwa na watu wachache mno. Raia hutakiwa kuamini kwanza, na ushahidi huja kuwekwa wazi wakati majeneza yamekwisha kurudi nyumbani. Ndiyo maana katika nchi ambazo zimewahi kupigana kwa sababu zilizokuja kubainika kuwa si za kweli, hasa Marekani na Uingereza, watu wengi hupokea madai ya namna hiyo kwa shaka. Shaka hiyo hulaumiwa mara kwa mara kuwa ni upungufu wa uzalendo, ilhali historia ya miaka 60 iliyopita inaonyesha kuwa kazi yake kubwa ni kuipatia nchi muda wa kuhakiki.

Mfano wa kwanza ni ule wa Ghuba ya Tonkin, iliyo kando ya pwani ya kaskazini ya Vietnam. Tarehe 2 Agosti 1964 manowari ya Marekani iitwayo Maddox ilishambuliwa na boti za Vietnam ya Kaskazini, tukio ambalo halina ubishi. Usiku wa tarehe 4, katika giza na hali mbaya ya hewa, mabaharia wa Maddox na wa manowari nyingine iliyofuatana nayo, Turner Joy, waliripoti kuwa wanashambuliwa tena. Walitegemea zaidi rada na sona, yaani mtambo unaonasa sauti chini ya maji, kuliko macho yao wenyewe. Saa chache baadaye John Herrick, aliyeongoza manowari hizo, alituma ujumbe kwamba nyingi kati ya taarifa za mashambulizi zilikuwa za kutiliwa shaka, kwamba huenda zilisababishwa na hali ya hewa pamoja na pupa ya wasikilizaji wa sona, na kwamba ingefaa tathmini kamili ifanywe kabla ya hatua nyingine yoyote. Ujumbe huo ulifika Washington mapema kabla Rais Lyndon Johnson hajalihutubia taifa na kutangaza mashambulizi ya kulipiza kisasi.

Tarehe 7 Agosti, siku tatu tu baada ya usiku ule, Bunge la Marekani lilipitisha azimio lililompa rais mamlaka mapana ya kutumia jeshi: Baraza la Wawakilishi kwa kura 416 bila hata moja ya kupinga, na Seneti kwa kura 88 dhidi ya 2, za Wayne Morse na Ernest Gruening. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa mwanahistoria wa shirika la Marekani linalonasa mawasiliano, ambao ulihitimisha kuwa shambulio la pili halikutokea na kwamba taarifa zilizonaswa ziliwasilishwa kwa namna iliyoficha ukweli huo. Kufikia wakati huo Wamarekani zaidi ya 58,000 walikuwa wamekwisha kufa katika vita vya Vietnam, na Wavietnam waliokufa walihesabiwa kwa mamilioni.

Mfano wa pili, ambao ndio uliotia shaka hiyo mizizi katika kizazi cha sasa, ni uvamizi wa Iraki mwaka 2003. Serikali ya Rais George W. Bush, ikiungwa mkono na ya Waziri Mkuu Tony Blair wa Uingereza, ilidai kuwa Saddam Hussein alikuwa na silaha za maangamizi, yaani silaha za kikemikali na za kibaiolojia, na kwamba alikuwa akifufua mpango wa kutengeneza bomu la nyuklia. Dai mojawapo liliihusu Afrika moja kwa moja. Katika hotuba yake ya tarehe 28 Januari 2003, Bush alisema kuwa serikali ya Uingereza imebaini kwamba Saddam alitafuta kiasi kikubwa cha urani kutoka Afrika, na nchi iliyokusudiwa ilikuwa Niger.

Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, ambalo ni chombo cha kukagua matumizi ya nyuklia duniani, lilizipata nyaraka zilizohusu dai hilo mwezi Februari. Kuzichunguza hakukuhitaji majasusi, kwa kuwa ilitosha kulinganisha majina, vyeo, tarehe na mihuri na kumbukumbu zilizo wazi. Barua mojawapo ya mwaka 2000 ilikuwa na saini ya waziri wa mambo ya nje wa Niger ambaye alikwisha kuuacha wadhifa huo zaidi ya miaka 10 kabla ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Tarehe 7 Machi mkurugenzi wa shirika hilo, Mohamed ElBaradei, aliliarifu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuwa nyaraka hizo si halisi. Wakati huo Baraza lilikuwa chini ya uenyekiti wa Guinea, na pamoja na Angola na Kamerun nchi hiyo ilikuwa ikibembelezwa na pande zote kwa ajili ya kura yake kuhusu vita. Uhakiki wa wiki chache ulikuwa umeliangusha dai lililotolewa mbele ya dunia nzima, lakini tarehe 20 Machi uvamizi ulianza vilevile. Julai mwaka huo, Ikulu ya Marekani ilikiri kuwa maneno yale hayakupaswa kuwamo katika hotuba ya rais.

Madai mengine yalikuwa na udhaifu wa namna nyingine. Tarehe 5 Februari 2003 waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Colin Powell, aliinua mbele ya Baraza la Usalama kichupa kidogo kuonyesha jinsi kiasi haba cha vimelea vya kimeta kinavyoweza kudhuru, akaeleza pia kuhusu maabara za silaha za kibaiolojia zilizobebwa juu ya magari. Maelezo ya maabara hizo yalitoka hasa kwa mkimbizi mmoja wa Kiiraki aliyekuwa Ujerumani, aliyepewa jina la siri la Curveball, ambaye Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, halikuwa limemhoji lenyewe kabla ya vita. Mwaka 2011 mtu huyo alikiri hadharani kuwa alidanganya. Waswahili husema lisemwalo lipo, lakini katika ujasusi lisemwalo na wengi huenda limetoka kinywani mwa mmoja, likapita ofisi hadi ofisi na gazeti hadi gazeti mpaka likaonekana kuwa na mashahidi kumi. Wakaguzi wa Marekani wenyewe walihitimisha mwaka 2004 kuwa Iraki haikuwa na akiba ya silaha hizo, na ripoti ya uchunguzi ya Uingereza iliyotolewa tarehe 6 Julai 2016 chini ya John Chilcot ilieleza kuwa ukubwa wa tishio uliwasilishwa kwa uhakika ambao ushahidi haukuubeba, na kwamba njia za amani zilikuwa hazijamalizika.

Ni kosa, hata hivyo, kuhitimisha kwamba kila sababu ya vita ni uongo. Oktoba 1978 utawala wa Idi Amin ulidai kuwa Tanzania imeivamia Uganda, kisha majeshi yake yakavuka mpaka, na tarehe 1 Novemba Amin akalitangaza eneo la kaskazini ya Mto Kagera kuwa mali ya Uganda. Waganda hawakuwa na bunge la kuhoji dai hilo. Upande wa pili, Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa kuwa Tanzania ina uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin, sababu hiyo haikutegemea nyaraka za siri, kwa kuwa wananchi wa Kagera walikuwa wamewaona wavamizi, wamekimbia makazi yao na kuacha mali na mifugo yao ikiporwa.

Tofauti kati ya madai ya kweli na ya uongo huonekana vilevile katika matukio ya karibuni. Agosti 2013, baada ya shambulio la gesi katika eneo la Ghouta nje ya Damascus, Bunge la Uingereza lilikataa hoja ya serikali kuhusu kuishambulia Syria kwa kura 285 dhidi ya 272, na kumbukumbu ya Iraki ilitajwa waziwazi katika mjadala huo. Wiki chache baadaye wakaguzi wa Umoja wa Mataifa walithibitisha kuwa gesi ya sarini ilitumika kweli. Mwanzoni mwa mwaka 2022 wengi walitilia shaka onyo la Marekani kwamba Urusi ingeivamia Ukraine, lakini picha za setilaiti za kampuni binafsi zilimwezesha yeyote kuona majeshi yakikusanyika mpakani, na tarehe 24 Februari onyo hilo likatimia. Dai la Urusi kwamba Ukraine ilikuwa ikifanya mauaji ya kimbari halikupata nguvu hiyo, kwani mwezi uliofuata Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema haikuwa imeona ushahidi wa kulithibitisha. Na ndani ya Urusi ilikwisha kutungwa sheria ya kifungo cha hadi miaka 15 kwa kile ilichokiita kueneza habari za uongo kuhusu jeshi.

Shaka yenye manufaa, basi, haifanani na ukaidi wa kukataa kila neno la serikali, kwa sababu mkaidi naye huamua kabla ya kuona ushahidi, sawa na mwenye kuamini upesi. Mwenye shaka ya kweli huuliza taarifa imetoka kwa nani, ni vyanzo vingapi visivyotegemeana vinavyoithibitisha, nani mwingine ameruhusiwa kuihakiki, wataalamu gani wameipinga, na kwa nini uamuzi usingoje hata wiki chache. Swali hili la mwisho lina uzito kuliko yote pale ambapo adui hajavuka mpaka, maana dai la kweli halipungui ukweli kwa kuhakikiwa, na dai la uongo, kama lile la Niger, mara nyingi huanguka mapema sana. Kuna nyakati ambapo kungoja kuna gharama, na serikali inayokabiliwa na uvamizi haiwezi kusubiri tume. Lakini serikali inayotaka kuwa ya kwanza kupiga ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha, na wabunge, waandishi wa habari na raia wanaodai ushahidi huo kabla ya kura kupigwa wanatimiza wajibu wao kwa nchi na kwa askari watakaotumwa kufa kwa ajili yake.