Maporomoko Makubwa Kuliko Yote Duniani: Madai ya Kisangani

Maporomoko yapi ni makubwa kuliko yote duniani? Kabla ya kujibu, angalia umeuliza kwa neno gani. Kiingereza husema falls, na neno hilo lina kazi nyingi mno. Mtoto akianguka ni fall, serikali ikipinduka ni fall, bei zikishuka ni fall, na kwa Wamarekani ni hata majira ya majani kupukutika. Katika karne ya 19, wasafiri kutoka Ulaya walilibandika neno hilo kwenye mito ya Afrika kila walipokuta maji yasiyopitika kwa chombo. Livingstone alilitumia kwa Mosi-oa-Tunya mwaka 1855, mahali ambapo Zambezi inatumbukia shimoni kwa mkupuo mmoja. Stanley naye, aliyeshuka Lualaba, sehemu ya juu ya mto Kongo, mwanzoni mwa 1877, alikuta ngazi saba za miamba zikifuatana hadi pale Kisangani ilipo leo, na jina likawa Stanley Falls. Mambo mawili yasiyofanana yakapewa jina moja, na baadaye wenye kuandika rekodi wakayapanga kwenye orodha moja.

Yale ya Stanley leo tunayaita maporomoko ya Boyoma, na yamo kwenye orodha kadhaa za dunia kama ya kwanza kwa wingi wa maji. Yanaanzia Ubundu na kuishia kwa Wagenia, jamii ya wavuvi, pembeni mwa mji wa Kisangani, umbali wa zaidi ya kilomita 100. Ngazi ni saba, na hakuna hata moja inayozidi mita 5 hivi kwenda juu. Ukijumlisha mteremko wote, mto unashuka kama mita 60 tu. Mgeni aliyezoea picha za Niagara anaweza kusimama kwa Wagenia akauliza maporomoko yenyewe yako wapi, ilhali yako mbele yake, yamejaa upana wa mto, na ngurumo yake haikatiki usiku wala mchana.

Tarakimu inayorudiwa sana kuhusu Boyoma ni mita za ujazo 17,000 za maji kwa sekunde. Naomba isomwe kwa uangalifu: hiyo inafaa mto uliofurika, na wastani wa mwaka mzima mjini Kisangani uko chini sana ya hapo. Hata hivyo Boyoma inaiacha mbali Niagara, ambayo wastani wake ni kama mita za ujazo 2,400 kwa sekunde. Umaarufu wa Niagara umetokana na kimo chake, mita 50 hivi, na kwa kuwa watalii wanaifikia kwa urahisi.

Kwa kimo, hakuna ubishi. Ushindi ni wa Angel ya Venezuela, yenye mita 979. Wasomaji wengi hudhani jina hilo linamhusu malaika. Ni jina la rubani wa Kimarekani, Jimmie Angel, aliyetua na ndege yake juu ya mlima yanakoanzia maporomoko hayo mwaka 1937. Wenyeji huyaita Kerepakupai Merú. Ukilinganisha na Boyoma, maji yake ni kidogo sana, na wakati wa kiangazi mengi hupeperuka kuwa ukungu kabla ya kugusa chini.

Kwa upana, twende Laos, kwenye mto Mekong. Maporomoko ya Khone yametawanyika kati ya visiwa kwa karibu kilomita 11 kutoka ukingo hadi ukingo. Na hapa kuna undugu na Kisangani unaostahili kutajwa. Wafaransa walitaka kupanda Mekong kwa meli, Khone ikawazuia, na katika miaka ya 1890 wakajenga reli fupi ya kuvusha mizigo na hata vyombo. Wabelgiji walifanya vivyo hivyo juu ya Kisangani: reli ya kilomita 125 kutoka ng'ambo ya kushoto ya mto hadi Ubundu, iliyokuwa ikiitwa Ponthierville, ilifunguliwa mwaka 1906. Kutoka Kinshasa meli hupanda mto kwa takriban kilomita 1,700, zikifika Kisangani haziwezi kuendelea. Mji huu, ambao kituo chake cha kwanza cha kizungu kiliwekwa Desemba 1883 katika kisiwa cha Wana Rusari, uko hapo ulipo kwa sababu mto unakataa kupitika zaidi.

Mosi-oa-Tunya inashika rekodi ya pazia kubwa kuliko yote la maji yanayoanguka: upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108, na hakuna anayebisha kwamba maji yale yanaanguka kweli. Kwa maji yaliyobanwa, mimi namtaja jirani yetu Uganda. Pale Murchison, ambapo Idi Amin aliwahi kupaita Kabalega, Nile yote hupenya kwenye ufa wa miamba wenye upana wa mita 7 hivi kabla ya kushuka zaidi ya mita 40. Na kuna rekodi iliyozama: Guaíra, kwenye mto Paraná, yalikuwa miongoni mwa maporomoko yenye maji mengi kuliko yote duniani mpaka mwaka 1982, bwawa la Itaipu lilipoyafunika.

Turudi kwenye neno. Kiingereza chenyewe kina maneno mengine karibu na falls: rapids ni maji yanayokimbia juu ya mawe, cataract ni ngazi kubwa zenye maji mengi, kama zile sita za Nile kati ya Aswan na Khartoum. Anayeshikilia kwamba falls lazima yaanguke wima ataikataa Boyoma. Anayekubali kila mteremko wa maji makali atakutana na mshindani mkubwa zaidi ndani ya Kongo hiyohiyo, yaani Inga. Iko chini ya Kinshasa, ambako mto umekwisha kupokea tawi la Ubangi na la Kasai, na wastani wake unafika kama mita za ujazo 41,000 kwa sekunde. Boyoma inashinda kwa maana ya katikati: ngazi zinazohesabika moja moja, zenye majina na mipaka.

Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza. Tunda hudondoka, mtu huanguka, msafiri huteremka, lakini udongo wa mlima huporomoka: kwa wingi, kwa kishindo, juu ya mteremko, bila kulazimika kuwa wima. Maji ya Boyoma yanaporomoka. Neno hilo linayatosha kabisa, wala halihitaji kunyooshwa ili yaingie. Tena Kiswahili si mgeni hapo. Kilifika na misafara ya wafanyabiashara, na mwaka 1887 Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, akawa gavana wa wilaya ya Stanley Falls. Kingwana, Kiswahili kinachozungumzwa mjini, ni urithi wa miaka hiyo.

Rekodi ninayoithamini kuliko zote haina kipimo cha sekunde wala mita. Kwa Wagenia, wavuvi husimika magogo marefu ndani ya mashimo ya miamba, huyafunga kwa kamba za mimea itambaayo ya msituni, kisha huning'iniza migono mikubwa yenye umbo la pia, mdomo ukielekezwa mahali mkondo ulipo mkali. Maji yenyewe huwasukumia samaki ndani. Kuingia humo kukagua migono kunataka mtu aliyejifunza mto tangu utotoni, na ujuzi huo umerithishwa kizazi kwa kizazi. Sijui maporomoko mengine makubwa ambayo watu wameyageuza kuwa mahali pa kazi kwa namna hiyo.

Kwa hiyo walimu wa jiografia, waongoza watalii na waandishi wenzangu, tukitaja rekodi tutaje na kipimo chake: kimo, upana, wingi wa maji, au urefu wa mteremko. Tukisema maji mengi, jibu ni mto Kongo, uwe umechagua Inga au Boyoma. Na jina la Stanley tuliache kwenye ramani za zamani. Mji wenyewe wa Kisangani uliliacha mwaka 1966.