Je, Wajua? Gemu za Magari na Ngumi Mbele ya Wahakiki

Je, wajua kwamba gemu ya kwanza ya video kuzua zogo kubwa kuhusu ukatili ilikuwa gemu ya magari? Iliitwa Death Race, ikatolewa mwaka 1976 na kampuni ya Exidy ya California. Ilikuwa mashine ya kutumbukiza sarafu, yenye picha nyeusi na nyeupe tu. Dereva alikimbiza vijimtu vyembamba akavigonga. Kila kilichogongwa kilipiga ukelele, na pale kilipoanguka pakachomoza msalaba. Wenye kampuni walijitetea kuwa vile si watu bali ni mazimwi. Baraza la Taifa la Usalama la Marekani liliishutumu, magazeti na televisheni yakaidaka habari hiyo, na wanunuzi wa mashine wakazidi kuiulizia.

Kisichosemwa sana ni kwamba ile misalaba haikufutika. Ilibaki uwanjani, na gari likiigonga linakwama. Kadiri dereva alivyogonga wengi ndivyo alivyojizibia njia, hata ikambidi apenye kwenye makaburi aliyoyachimba mwenyewe. Hapo ndipo mhakiki anayeijua kazi yake angeanzia. Waliolalamika waliuona msalaba, lakini hawakutazama unamfanya nini mtu aliyeshika usukani.

Mwaka huohuo Atari ilitoa Night Driver. Barabara yake nzima ilikuwa vigingi vyeupe vinavyokujia gizani, na gari lenyewe lilikuwa picha iliyobandikwa tu, wala halikuchorwa na mashine. Bado ukiicheza unahisi kona.

Miaka 21 baadaye kelele zikarudi, safari hii Uingereza. Bodi iliyokuwa ikipanga filamu na gemu kwa umri ilikataa kuipa kibali Carmageddon, gemu ya mwaka 1997 ambayo mchezaji hupata muda wa ziada kwa kugonga waenda kwa miguu. Watengenezaji wakageuza watu kuwa mazombi wenye damu ya kijani, gemu ikaingia madukani, kisha wakakata rufaa na kushinda. Uzito wa gari haukubadilika, wala namna linavyoserereka. Mabishano yote yalihusu rangi ya damu.

Je, wajua kwamba Doom, gemu ya kuwapiga mazimwi risasi na mojawapo ya gemu zenye ushawishi mkubwa kuliko zote, ilipewa alama 7 kati ya 10 na jarida la Edge la Uingereza mwaka 1994? Mhakiki alitamani mchezaji angeweza kuzungumza na wale mazimwi, pengine hata kufanya urafiki nao. Wapenzi wa gemu wanamcheka mpaka leo. Nakubali kwamba alama ile ilikuwa ndogo mno, maana uzuri wa Doom uko kwenye kasi ya miguu na mpangilio wa vyumba. Swali lake, hata hivyo, lilikuwa la maana: mkono huu ulioshika bunduki unaweza kufanya nini kingine? Mwaka 2015 ilitoka Undertale, ambayo ndani yake unaweza kuzungumza na zimwi, ukalisamehe na kupita zako. Watu wengi waliipenda kwa sababu hiyohiyo.

Sasa tuje kwa gemu mbovu, na hapa sina budi kukaa kidogo. Big Rigs: Over the Road Racing ilitoka mwaka 2003. Kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, ina 8 kati ya 100. Tovuti ya GameSpot iliipa 1.0, alama ya chini kabisa iliyowahi kuitoa hadi wakati huo. Kasha liliahidi madereva wa malori wanaokimbizwa na polisi. Ndani hakuna polisi hata mmoja. Mpinzani wako haondoki kwenye mstari wa kuanzia. Lori linapenya nyumba kama moshi, linapanda mlima uliosimama wima bila kupunguza mwendo, na likifika darajani linazama ndani yake. Ukirudi kinyumenyume mwendo unaongezeka bila kikomo, lakini ukiachia kitufe lori linasimama papo hapo. Ukishinda, kikombe kinatokea na maandishi ya pongezi ambayo hata sarufi yake ya Kiingereza imekosewa. Baadaye watengenezaji waliirekebisha: mpinzani akaanza kuondoka, halafu akasimama kabla ya kufika mwisho. Wanaotaka kujifunza uhakiki waitazame hii, kwa kuwa inaonyesha bayana vitu ambavyo gemu nzuri hutupa bila sisi kuvitambua: uzito, ukuta unaozuia, na mtu wa kushindana naye.

God Hand ya mwaka 2006 ni kesi ngumu zaidi. Tovuti ya IGN iliipa 3 kati ya 10, Edge likaipa 8. Kweli, kamera yake imeganda nyuma ya mgongo wa shujaa na mandhari yake ni duni. Lakini mchezaji hujipangia mwenyewe mfuatano wa ngumi na mateke, na akipigana vizuri gemu inapandisha ugumu palepale, akichapwa, inaushusha. Mimi niko upande wa Edge. Gemu inayokupima hivyo kila dakika haiwezi kuwa na thamani ya 3.

Je, wajua kwamba Gran Turismo ya mwaka 1997, iliyoongozwa na Kazunori Yamauchi wa Japani na kuuza nakala zaidi ya milioni 10, ilisifiwa kwa uhalisia ilhali magari yake hayakubonyea hata yakibamiza ukuta? Wachezaji waligundua kwamba kujiegemeza kwenye ukuta ni njia ya haraka ya kumaliza kona. Mabodi yanayobonyea yalikuja mwaka 2010, katika toleo la tano.

Kwetu Afrika Mashariki kipimo kizuri ni Safari Rally, mashindano ya magari ya Kenya. Kenya imo katika Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000, na McRae mwenyewe, dereva ambaye gemu imepewa jina lake, alishinda Safari mwaka 1997, 1999 na 2002. Katika miaka hiyo Safari ilipita kwenye barabara zisizofungwa, helikopta zikitangulia kuwaonya madereva kuhusu wanyama na magari. Kwenye gemu unamaliza kipande kwa dakika chache. Vumbi limo, ila uchovu haumo, na Safari bila uchovu ni nusu ya Safari.

Kuna gemu moja iliyothubutu kuuweka uchovu wote ndani. Desert Bus ilitengenezwa miaka ya 1990 kwa ajili ya Penn na Teller, wasanii wa mazingaombwe, kama jibu kwa waliolalamikia ukatili kwenye gemu. Unaendesha basi kutoka Tucson hadi Las Vegas kwa saa 8 kamili, mwendo haupiti kilomita 72 kwa saa, na huwezi kusimamisha gemu ukapumzike. Basi linavuta upande wa kulia, kwa hiyo huwezi kuachia usukani. Ukifika unapewa alama 1, kisha unaweza kuanza safari ya kurudi. Haikupata kuuzwa madukani. Tangu mwaka 2007 kundi la wachekeshaji wa Kanada huicheza kila mwaka kwa siku kadhaa mfululizo, na wamekusanya mamilioni ya dola kwa ajili ya watoto waliolazwa hospitalini.