Sura ya Nne: Mwalimu Anayejua Kutazama

Maria Montessori hakuanza kazi na watoto ambao wazazi wengi leo huwahusisha na jina lake. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896, akafanya kazi kwenye kliniki ya magonjwa ya akili ya chuo hicho, na huko akawakuta watoto wenye ulemavu wa akili wamefungiwa hospitalini bila somo na bila kitu cha kushika mikononi. Alifikia uamuzi kwamba watoto hao walimhitaji mwalimu kuliko walivyohitaji dawa, akausema hadharani mwaka 1898 katika kongamano la elimu mjini Torino. Hapo ndipo inapoanzia hoja ya sura hii. Mengi tunayoyaona kuwa malezi bora ya elimu ya awali yalibuniwa kwanza kwa ajili ya mtoto aliyetengwa, kwa hiyo chuo cha ualimu kinachofundisha elimu jumuishi kama kozi ya pembeni kinaanzia mwisho.

Alisoma kazi za Wafaransa wawili, Jean Itard na Édouard Séguin, na kati ya mwaka 1900 na 1901 akazitumia katika shule ya Roma iliyoandaa walimu wa watoto wenye ulemavu wa akili. Baadhi ya watoto hao walijifunza kusoma na kuandika, wakafaulu mtihani wa watoto wa kawaida. Watu walistaajabu. Yeye alijiuliza swali jingine, ambalo kwangu ndilo zito zaidi katika maisha yake yote ya kazi: ni nini kinachowadumaza watoto wenye afya hata wakalingana na hawa? Januari 1907 alipofungua Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, alikwenda na vifaa vile vile alivyovitumia kwa watoto hao. Herufi za msasa humpa kidole kile ambacho jicho limeshindwa kukishika. Vipande vya mbao vya kupachika kwenye matundu humwonyesha mtoto kosa lake pasipo mtu kumkaripia, kwa sababu kipande kisichokaa mahali pake huonekana mwishoni. Faida kubwa ya kifaa cha namna hii humwendea mwalimu. Akiwa hana tena kazi ya kusahihisha kila mkono, anapata nafasi ya kumtazama mtoto mmoja mmoja na kujua amekwama wapi, na mtoto mwenye ulemavu hahitaji kuanzishiwa mpango mwingine kabisa ili naye aonekane.

Ndiyo maana miaka mingi iliyofuata aliitumia kufundisha walimu. Kozi yake ya kwanza ilifanyika Città di Castello mwaka 1909, na alipokuwa India kati ya 1939 na 1946, vita vikiwa vimemzuia kurudi Ulaya, walimu zaidi ya elfu moja walipitia mikononi mwake. Kote huko wanafunzi wake walitakiwa kukaa kimya na kutazama watoto kabla ya kuruhusiwa kuwafundisha.

Mtu atapinga kwamba watoto wa San Lorenzo walikuwa maskini tu, si walemavu, na kwa hiyo hapakuwa na ujumuishi wowote. Ni kweli. Ujumuishi wenyewe ulikuja baadaye, hasa München, ambako kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 daktari wa watoto Theodor Hellbrügge aliwaweka pamoja watoto wenye ulemavu na wasio nao kwa njia hiyo hiyo ya Montessori. Mwanaelimu William Heard Kilpatrick naye alidai mwaka 1914 kwamba vifaa hivyo vinambana mtoto, na hapo nakubaliana naye kwa sehemu: chuo kinachorithi sanduku la vifaa na kuacha mazoea ya kutazama hakijarithi kitu.

Pingamizi gumu zaidi linatoka kwetu. Tanzania imeweka kiwango cha watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali, na madarasa mengi yamekipita kiwango hicho kwa mbali. Mwalimu wa darasa la namna hiyo hawezi kumtazama kila mtoto kila siku, na hakuna mafunzo yatakayoziba pengo la walimu wasioajiriwa. Tena mtoto kiziwi anahitaji lugha ya alama, na asiyeona anahitaji nukta nundu. Huo ni utaalamu wa miaka, na vyuo vya elimu maalumu kama Patandi kule Arusha na KISE ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1986, vina kazi isiyoweza kufanywa na mwingine. Lakini mtaalamu huitwa na mtu aliyekwisha kuona. Mtoto asiyesikia vizuri hufika kwanza kwa mwalimu wa kawaida wa awali, na asipotambuliwa hapo ataitwa mkaidi au mzito kwa miaka. Hata hivyo, vyuoni mazoezi ya kufundisha hupimwa zaidi kwa andalio la somo na namna mwanafunzi wa ualimu anavyosimama mbele ya darasa. Ningependa pia apewe watoto watatu wa kufuatilia kwa muhula mzima, mmoja wao akiwa yule anayesemwa kuwa hafundishiki, aandike kila wiki alichokiona wakifanya, na maandishi hayo yahesabiwe alama sawa na somo lenyewe.