Chanjo Ikikudhuru, Nani Alipe?

Mkono kuuma na homa ya usiku mmoja baada ya kuchanjwa, wahudumu wa afya huyaita maudhi, na halipwi mtu kwa maudhi. Madhara ni jambo jingine. Kwa chanjo ya UVIKO-19 ya Janssen, ambayo dozi zake 1,058,400 za kwanza zilifika Tanzania Julai 24, 2021 kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, hofu kubwa ilikuwa damu kuganda. Marekani ilihesabu takriban wagonjwa wanne kwa kila dozi milioni. Kwa kiwango hicho, shehena ile yote ingegusa watu wanne hivi nchi nzima.

Tuseme mmoja wao ni mkazi wa Ngara, mkoani Kagera. Akitaka kuishtaki Serikali, hutanguliza notisi ya siku 90, kisha hufungua shauri Mahakama Kuu, yaani safari ya Bukoba, kabla miaka mitatu haijapita. Huko lazima aonyeshe kwamba chanjo ilimdhuru na kwamba kuna aliyezembea. Lakini dozi salama, iliyotunzwa vizuri na kuchomwa na muuguzi asiyekosea, bado inaweza kumlaza mtu. Uzembe hapo ataupata wapi?

Ndiyo maana Februari 2021 Shirika la Afya Duniani na kampuni ya bima ya Chubb walitangaza mfuko wa fidia kwa nchi 92 za kipato cha chini na cha kati, Tanzania ikiwamo. Mfuko haukuuliza nani alikosea. Uliuliza kama dozi ilitoka COVAX na kama ndiyo iliyoleta ulemavu wa kudumu au kifo. Aliyekubali malipo aliachana na mahakama. Hesabu ilianzia kwenye pato la wastani la mwananchi, mara 12. Kwa Mtanzania aliyefariki, hiyo ni dola 13,000 na ushei. Uingereza hulipa pauni 120,000 kwa ulemavu wa asilimia 60. Mshipa ulioziba ni uleule.

Kuugua baada ya chanjo hakuthibitishi kwamba chanjo ndiyo chanzo. Wataalamu huangalia siku zilizopita, vipimo vya damu na maradhi ya awali. Kadi yenye namba ya toleo la chanjo na karatasi za kulazwa ndizo huwa ushahidi.

COVAX ilifungwa mwisho wa 2023, lakini swali la fidia halikufungwa nayo. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ukatangazwa Biharamulo, huko huko Kagera, miezi michache baada ya Rwanda, ng'ambo ya mpaka wa Rusumo, kuanza kuwachanja wahudumu wa afya chanjo ya majaribio dhidi ya ugonjwa huo. Anayedhurika katika utafiti, Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba, linataka atibiwe na kufidiwa. Sharti hilo hutafutwa kwenye fomu ya ridhaa, kabla ya kusaini.