Gari imetoka bandarini juzi? Usimuuzie waksi kabla hujamuuliza maswali haya

Leo naongea zaidi na wanaouza mtandaoni vitu vya kutunzia magari. Ila hata kama unauza vipodozi au rangi za nyumba, soma mpaka mwisho, na wewe lako lipo.

Mimi nimeishia kidato cha nne. Mambo ya rangi za magari sikufundishwa darasani, nimejifunza kwa kuuza, kukosea na kuwauliza mafundi. Na somo kubwa nililipata kwenye kopo moja la waksi la shilingi 25,000.

Kaka mmoja alinunua Toyota IST, imetoka bandarini Dar es Salaam wiki hiyohiyo, rangi ya bluu iliyokolea. Akanitumia ujumbe: "Dada, nataka waksi nzuri, gari mpya hii, nataka ing'ae." Nikamtajia bei, akalipa, boda akapeleka. Sikumuuliza swali hata moja. Faida yangu 7,000, nikalala nimefurahi.

Kesho yake mchana akatuma video. Boneti lote lina mikwaruzo midogo ya kuzunguka, kama utando wa buibui, jua likipiga ndiyo inaonekana vizuri. Halafu kwenye posti yangu, mbele ya wateja wote, akaandika: "Msinunue hapa, dada anauza feki, kaniharibia gari."

We acha tu. Nilishaandika jibu la hasira, bado kutuma tu. Nikalifuta. Nikampigia: "Kaka, naomba nije nilione gari."

Nilipofika nikauliza aliipakaje. Akasema aliimwagia ndoo ya maji, akaifuta na tisheti kuukuu, akapaka waksi saa saba mchana, gari ipo juani. Nikavaa mfuko laini wa plastiki mkononi, nikapitisha vidole taratibu kwenye mlango ambao hakuugusa. Kulikuwa kama kuna mchanga umegandia. Nikamwambia na yeye ajaribu. Akanyamaza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Gari "mpya" siyo gari safi. Hata ile ya zero kilomita, kabla ya kukufikia imekaa yadi za wazi, imepita bandarini na barabarani. Vumbi linaondoka kwa maji, lakini chembe ndogo za chuma, zile zinazotoka kwenye breki na kwenye reli, zinang'ang'ania kwenye rangi. Juu ya rangi kuna klia, na klia ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Ukisugua waksi juu ya uchafu ule, ni kama unapiga msasa gari yako mwenyewe.

Kwa hiyo waksi haikuwa feki. Ila na mimi nilikosa, maana nilimpa kopo bila maelezo. Nikamwambia, "Kaka, Jumapili nakuja tuirudie pamoja, hunilipi kitu." Tulifanya hivi:

1. Kuosha. Gari ipo kivulini na bodi imepoa. Ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari, moja ya maji ya kusuuzia kitambaa. Unaanzia juu kushuka chini, matairi mwisho na kitambaa chake. Sabuni ya unga hapana, ni kali, na punje zisipoyeyuka zinakwaruza.

2. Dawa ya kuondoa chembe za chuma. Unapulizia, inakutana na chuma inabadilika kuwa zambarau. Yule kaka alipoona zambarau inatiririka kwenye gari yake "mpya" alishika kichwa. Usiiache ikakauka, suuza kwa maji mengi.

3. Udongo wa kusafishia rangi. Siyo udongo wa shambani, ni kipande laini kama ule wa watoto wa kufinyangia. Unapulizia maji yake ya kuteleza, unausogeza kwa mstari ulionyooka bila kukandamiza. Ukichafuka unaukunja upate upande safi. Ukidondoka chini, tupa. Usione huruma, umeshabeba mchanga.

4. Kagua. Kausha kwa taulo la maikrofaiba, kisha mulika kwa tochi. Kama kuna mikwaruzo, polishi laini inatangulia waksi, maana waksi haiondoi mikwaruzo, inailinda tu na kuing'arisha. Sisi tulipiga polishi kwa mkono. Ilipungua sana, lakini haikuisha yote, na nilimwambia ukweli huo. Ukimaliza polishi, futa mafuta yake ili waksi ishike.

5. Ndiyo waksi sasa. Kidogo sana, sehemu kwa sehemu. Subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, futa na taulo safi.

Jumapili yote iliishia pale. Jioni yeye mwenyewe alifuta yale maneno kwenye posti yangu, akaweka picha ya gari. Hela ile 7,000 ilikuwa imeshaisha kwenye nauli na vifaa, lakini jina langu lilipona.

Tangu siku ile siuzi waksi kabla ya kuuliza maswali matatu:

Moja: gari umeichukua lini na imeoshwaje? Hapo najua kama anahitaji udongo kwanza.

Mbili: kuna sehemu imepigwa rangi upya gereji? Hili wengi hawalijui. Rangi ya kiwandani inaokwa kwenye oveni kabla viti na plastiki havijafungwa, kwa hiyo gari inakufikia rangi ishakomaa, unapaka waksi hata leo. Lakini bampa lililopigwa rangi juzi bado linatoa hewa ya tina. Mara nyingi husubiriwa siku 30 mpaka 90, kutegemea aina ya rangi, na mwenye jibu sahihi ni fundi aliyeipiga. Mteja akiniambia imepigwa wiki iliyopita, namwambia arudi baadaye, hata kama hela anayo mkononi.

Tatu: utafutia nini? Akisema tisheti, namuuzia taulo kwanza.

Pia nimerekodi maelezo ya sauti ya dakika mbili, kila oda ikitoka namtumia mteja. Na nimefunga pakiti ya shampuu, udongo, taulo mbili na waksi. Anayetaka waksi peke yake namuuzia, ila maswali lazima ayajibu.

Kuna wateja wanaona maswali ni usumbufu, wanaenda kwa mwingine. Waende kwa amani. Mteja akiharibikiwa kwa kutojua, hasemi "nilikosea," anasema "dada ameniuzia feki," na anayasema mbele ya watu.

Sasa nawe tuambie hapo chini: bidhaa yako inahitaji maandalizi gani kabla ya kutumika, na mteja wako wa mwisho ulimwambia?