Tundu la Hewa la Tangi: Lisafishe, Usilizibe



Leo tunazungumzia msumeno wa moto, ule ambao wengine huuita chenso. Wakulima wa Mbagala, Chamazi, Bunju na Mabwepande wanaufahamu, hasa wakati wa kuangusha minazi iliyozeeka. Jioni umeuweka ndani. Asubuhi unakuta petroli imelowesha sakafu. Jirani anakushauri: "Bandika sabuni ya mche hapo panapovuja, yaishe." Usikubali, ndugu yangu. Kwanza elewa ni nini kinachovuja.

Toboa kopo la maziwa tundu moja, uliinamishe. Maziwa yatadondoka kidogo, kisha yatakoma. Toboa tundu la pili, yatamiminika. Kwa nini? Kwa sababu sasa hewa inaingia kushika nafasi ya maziwa. Na tangi la msumeno ni vivyo hivyo. Kabureta inapovuta petroli, lazima hewa iingie. Ndiyo maana tangi lina tundu la hewa, penye kizibo au ubavuni mwa tangi. Ndani yake mna vali ndogo, mfano wa mlango wa upande mmoja: huruhusu hewa kuingia, huzuia petroli kutoka, hata msumeno ukilazwa.

Sasa ukilipaka tundu hilo sabuni, msumeno utanguruma dakika chache, halafu utazimika. Ukilegeza kizibo utasikia "fyuu", hewa inaingia, nao utawaka tena. Hapo ujue tangi halipumui.

Basi, kwa nini tundu huvuja? Kwanza, unga wa mbao na vumbi huingia, vali isifunge vizuri. Pili, mpira wa vali huzeeka, ukakakamaa au ukapasuka. Tatu, jua: tangi lililojaa pomoni likiachwa juani, mvuke wa petroli hutanuka na kuisukuma petroli nje.

Fanya hivi. Injini ikiwa imepoa, nawe uko nje, mbali na moto na sigara, tia petroli nusu tangi. Lipanguse likauke, ulaze msumeno juu ya boksi kavu, kisha utazame unyevu unaanzia wapi. Ukianzia ukingoni mwa kizibo, badili mpira wa kizibo. Ukianzia penye bomba la petroli, badili bomba. Ukianzia kwenye tundu la hewa, lisafishe kwa brashi laini. Usilichokonoe kwa sindano, utaharibu vali. Likizidi kuvuja, nunua jingine la aina ya msumeno wako. Kama msumeno ni wa kukodi, mrudishie mwenyewe, umweleze ubovu wake.

Wakati wote usijaze tangi mpaka mdomoni, wala usitie petroli injini ikiwa ya moto. Ukimaliza kujaza, sogea mita 3 ndipo uwashe. Petroli inayovuja hulowesha suruali yako, na ekzosi ya moto iko hapo hapo karibu. Vali mpya inauzwa dukani, ndugu mkulima, mguu hauuzwi.