Diotrefe Mlangoni pa Kanisa

Leo nawaomba mfungue Waraka wa Tatu wa Yohana. Ni mfupi mno, sura moja tu, na wengi wetu huuruka tukielekea Ufunuo.

Mzee mmoja anamwandikia rafiki yake Gayo juu ya mtu aitwaye Diotrefe. Yatazameni vizuri mashtaka yenyewe. Diotrefe hasemwi kwamba alifundisha uongo, wala kwamba aliiba sadaka, wala kwamba alizini. Alipenda kuwa mbele ya wote. Akalikataa neno la mzee na kumsingizia. Akawafungia mlango ndugu wasafiri. Na washiriki waliotaka kuwapokea akawazuia, tena akawatoa kanisani.

Ili tuuone uzito wake, tukumbuke hali ya siku zile. Wakristo walikutana nyumbani mwa watu, na Injili ilitembea kwa miguu na kwa merikebu, pamoja na wahubiri waliotegemea ndugu wawape chakula na mahali pa kulala. Ni kweli, kanisa lilikuwa na haki ya kuwapima. Kitabu cha kale kiitwacho Didake chaagiza kwamba mhubiri msafiri akae siku moja, au mbili ikihitajika. Akikaa ya tatu, au akidai fedha, ni nabii wa uongo. Basi kulinda mlango ilikuwa kazi halali. Diotrefe aliichukua kazi hiyo akaifanya fimbo yake. Kiburi hupenda kujificha hapo, ndani ya kazi ambayo hakuna awezaye kuilaumu.

Sisi wa Nyanza tunalijua jambo hili. Uamsho uliotoka Rwanda ulipofika kwetu mwishoni mwa miaka ya 1930, wengi waliokoka na kutubu hadharani. Lakini baadaye likazuka swali: ni nani wa kusema kwamba huyu ameokoka na yule bado? Ndugu wa Uamsho wenyewe wakagawanyika. Kasisi Matthew Ajuoga na wenzake wakajulikana kama Johera, yaani watu wa upendo; wengine wakaitwa Joremo, watu wa damu, kwa ajili ya damu ya Yesu. Mwaka 1957 Johera wakatoka katika Kanisa la Kiangalikana, na mwaka 1958 kanisa lao, Church of Christ in Africa, likaandikishwa. Sikuja hapa kuamua nani alikosa. Pande zote mbili walikuwako watu waliompenda Bwana kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba upendo na damu ya Mwokozi mmoja viligeuka kuwa majina ya kutengana.

Na leo? Mlango wa kanisa una funguo nyingine: barua ya kumtambulisha mshiriki anayehamia Kisumu kutoka Homa Bay, ruhusa ya kukaribia Meza ya Bwana, ibada ya mazishi. Mjane akiambiwa kwamba kanisa halitamzika mumewe kwa sababu marehemu aliuliza habari za hesabu ya harambee, asidanganywe kwamba hiyo ni nidhamu ya kanisa. Nidhamu humtafuta mwenye dhambi arudi. Maiti atarudi wapi?

Yule mzee hakuwa na askari wa kumwondoa Diotrefe. Aliahidi kwamba akija atayataja matendo yake waziwazi, yaani mbele ya watu, si kwa kunong'ona. Kabla ya hapo alimwomba Gayo aendelee kuwahudumia wasafiri, jambo ambalo lingeweza kumletea Gayo hasira ileile. Akamshuhudia pia Demetrio, ambaye huenda ndiye aliyeichukua barua. Mengine hakutaka kuyaandika kwa wino. Alitaka waonane uso kwa uso. Barua inakwisha kwa ombi dogo, kwamba Gayo awasalimu marafiki, kila mmoja kwa jina lake. Huenda katika majina hayo yalikuwamo ya wale waliofukuzwa.